Usikimbilie kitone kinachong'aa zaidi

Usiku mmoja nilikaa Raskazone, Tanga, na mjomba wangu, mvuvi wa dagaa. Karabai zilikuwa zimetapakaa baharini, mwanga wa boti hii umeingiliana na wa ile. Nikamuuliza, ile ya mbali ni ya nani? Akasema, "Subiri awashe mashine." Mashine ikawaka, ikakohoa mara mbili, naye akamtaja mwenyewe hapo hapo. Mwanga ulimwonyesha tu kwamba kuna mtu. Mlio ndio uliomtambulisha.

Vijana wananiuliza namna ya kuanza kutafuta angani vyanzo visivyojulikana vya miale ya gama, yaani mwanga usioonekana wenye nishati kubwa kupita mwingine wote, nami huanza na kisa hicho. Fermi, darubini ya gama iliyo angani, ilirushwa Juni 2008, na katalogi ya miaka yake 8 ya mwanzo ina vyanzo zaidi ya 5,000. Zaidi ya 1,300 kati ya hivyo havikuwa na mwenyewe. Miale ya gama haikusanywi kwa vioo, inapenya tu. Fermi hukisia ilikotoka kwa kufuata nyayo za elektroni na positroni (pacha wake mwenye chaji chanya) zinazozaliwa mwale unapogonga chombo. Matokeo yake ni duara la mahali chanzo kinapoweza kuwa, mara nyingine pana kama theluthi ya mwezi mpevu, na ndani yake nyota na galaksi tele.

Eksirei, ambayo chanzo cha gama mara nyingi hutoa pia, ndiyo mlio wa mashine. Yenyewe hukubali kioo, mradi ikipitie kwa kukiparuza, kama kijiwe bapa kinavyodunda juu ya maji. Darubini ya Swift, iliyo angani tangu 2004, ikikuta kitone cha eksirei ndani ya duara hukuonyesha mahali pake kwa usahihi wa makumi ya mara zaidi kuliko Fermi. Na data zake hushuka duniani kupitia kituo cha Malindi, pwani yetu hii hii! Kila nikikumbuka hilo nafurahi upya.

Data hizo ni za bure. Ukiwa na bando dogo kama langu, usipakue mafaili mazito. Tumia mtambo wa Chuo Kikuu cha Leicester ulio mtandaoni, unaotengeneza picha huko huko Uingereza, wewe unachukua picha tu.

Sasa kosa langu. Katika duara langu la kwanza niliona vitone vitatu, kimoja kinang'aa kuliko vyote. Sikulala. Asubuhi nikamwandikia mtaalamu mmoja kwamba nimepata blaza, yaani galaksi ambayo shimo lake jeusi linarusha mkondo wa chembe kuelekea kwetu. Akajibu kwa upole: umeangalia katalogi ya nyota? Kumbe ilikuwa nyota ya jirani, hewa yake ya nje imechemka ikatoa eksirei. Gama haikuwa yake. Nyota ilisimama njiani tu.

Kwa hiyo tafuta shahidi wa pili. Blaza huonekana pia kwa mawimbi ya redio, na mng'ao wake hupanda na kushuka. Gama ikiwa tulivu miaka nenda miaka rudi, na kitone hakina redio wala nyota inayoonekana, fikiria pulsa, yaani nyota ya nutroni, mabaki mazito ya nyota iliyolipuka, inayozunguka kwa kasi na mng'ao wake kupiga kama moyo. Hapo usitangaze kitu mpaka mapigo yapatikane.

Chanzo kimoja cha gama, Geminga, kilichukua miaka 20 kutambuliwa. Kiligunduliwa na setilaiti SAS-2, iliyorushwa 1972 kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, lile lile lililorusha Uhuru, setilaiti ya kwanza ya eksirei, tarehe 12 Desemba 1970. Kwa lahaja ya Milano jina Geminga husikika kama "haipo". Mwaka 1983 kitone chake cha eksirei kikapatikana katika data za darubini ya Einstein, na 1992 setilaiti ya eksirei ROSAT ikayasikia mapigo: zaidi kidogo ya manne kwa sekunde. Pulsa.

Mimi nina duara jipya tangu mwezi uliopita. Lina vitone viwili, vyote hafifu. Kimoja kina redio. Nasubiri Swift ipite tena nione kama kimebadilika.