Risotto Haimsubiri Mgeni: Kwa Wadogo Zangu Mliofika Padova

Wadogo zangu mliokuja kusoma hapa Padova, Italia, tangu Septemba nimenyamaza nikisema mtajifunza wenyewe. Jumapili iliyopita nimeshindwa. Mmoja wenu, kijana ninayempenda kama ndugu wa tumbo moja, alialikwa chakula cha mchana kwa akina mwenzake wa darasani. Aliambiwa saa 6:30. Akatoka chumbani saa 7. Nilipomuuliza akanijibu, "Dada, si wataniwekea tu?" Hawakuwekei! Kaeni niwaeleze.

1. Msile chumbani kila siku. Najua masanduku yalivyokuja na sembe na dagaa, na usiku wa baridi ugali ni dawa. Lakini wenye borsa, yaani ufadhili wa masomo, nendeni mensa, kantini ya wanafunzi, tena na wenzenu wa darasa. Kiitaliano changu kilifunguka kwenye foleni ya primo, chakula cha kwanza cha tambi au wali. Mama wa kaunta anakuuliza, walio nyuma yako wana njaa, lazima useme kitu.

2. Waislamu wenzangu, kuuliza kama kuna nguruwe hakutoshi. Strutto ni mafuta ya nguruwe, na piadina nyingi, ile mikate yao bapa, zimekandwa kwa hayo. Speck, pancetta, guanciale, mortadella, wote ni yule yule. Na hapa Padova ukiona sfilacci juu ya pizza, mara nyingi ni farasi.

3. Saa. Hapa ndipo nilipoumia.

Mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa Novemba, mwenzangu wa maabara alinialika kwa bibi yake, kijiji kilicho chini ya vilima vya Euganei. Saa 6:30, alisema. Mimi ni mtoto wa Tanga. Nimelelewa kwamba mgeni haendi kwa watu na njaa yake usoni, ataonekana mlafi, kwa hiyo asubuhi nilisonga ugali nikala nikashiba. Na kwetu mgeni hahesabiwi dakika. Akifika saa 8 chakula kimo kwenye hotipoti, anapakuliwa. Sikuangalia hata ratiba ya Jumapili, siku ambayo mabasi ni ya kuhesabu. Nilifika saa 7:20, na njiani sikupiga simu.

Nilikuta watu tisa wamekaa mezani, sahani tupu, mkate haujaguswa. Walikuwa wananisubiri mimi.

Bibi alikuwa amepika risotto ya radicchio, mboga ya majani machungu. Wali ule haupikwi ukafunikwa. Unakorogwa dakika 18 hivi, supu inaongezwa upawa kwa upawa, mwishoni siagi na jibini, unaliwa palepale ungali unatiririka kwenye sahani. Alikuwa ameupigia hesabu uive mimi nikivuta kiti. Nilipoingia ulikuwa umeshikana, upawa umesimama katikati kama mwiko kwenye ugali. Hakunilaumu kwa neno lolote. Alipakua, sahani ya kwanza akanipa mimi.

Kilichonichoma zaidi kilikuja baadaye. Nyumba ile Jumapili za majira hayo hula soseji za nguruwe. Mjukuu alikuwa amemwambia bibi kwamba mgeni hali nguruwe, basi Jumamosi bibi akaenda kununua kuku, akampika kwenye sufuria mpya kwa sababu ile ya soseji hakutaka inikaribie. Kisha akaleta polenta. Aliimimina kwenye ubao, unga mweupe wa mahindi, mvuke unapanda, akaukata kwa uzi. Jamani, ule ni ugali! Laini kuliko wetu, lakini harufu ni ile ile ya jikoni kwa mama. Na mimi tumbo limejaa sembe ya asubuhi.

Nilikula nusu paja na kipande cha polenta kisichozidi kiberiti. Bibi akaniuliza kwa sauti ndogo, "Non ti piace?" Hukipendi? Sikuwa na Kiitaliano cha kumweleza kwamba nilikula kabla kwa ajili ya heshima yake. Nilisema "buono, buono" tu. Akaondoa sahani ikiwa na kuku wake. Mwaka ule sikuitwa tena.

Kwa hiyo ukiambiwa saa 6:30, uwe mlangoni saa 6:30. Nenda na njaa. Primo chukua kidogo, maana secondo, nyama au samaki, inakuja na contorno, mboga za pembeni, halafu tamu, halafu kahawa. Beba trei ndogo ya vikeki kutoka pasticceria, duka la keki. Ukichelewa, piga simu. Wakikuuliza "nitie tambi?", wanataka kujua uko wapi hasa, basi usiseme "nimekaribia" na wewe bado unatafuta soksi.

4. Kahawa inywe umesimama kaunta, ukikaa mezani bei hupanda. Coperto kwenye risiti si wizi, ni ya meza na mkate. Piazza delle Erbe, uwanja wa soko, nendeni asubuhi. Tambi gramu 100, maji lita 1, chumvi gramu 10, na tafadhali msizivunje.

5. Mkiandaliwa polenta, msiseme kwamba kwetu hicho ni chakula cha shida. Wazee wa Veneto waliila asubuhi, mchana na jioni kwa sababu hawakuwa na kingine, na katika karne ya 18 na 19 wengi walipata pellagra, ugonjwa wa kukosa vitamini, wakafa. Bibi yule wa risotto alisikia habari hizo kwa wakubwa wake. Najua kwa sababu mwaka wa pili nilimwomba mwenzangu anirudishe. Nilifika dakika tano kabla, sikuwa nimegusa hata chai. Nikamweleza bibi yote, ugali wa asubuhi na heshima ya kwetu. Akacheka mpaka akafuta macho kwa aproni, kisha akanipa mwiko nikoroge polenta mwenyewe. Akanitazama kidogo, akasema mkono wangu una haraka, polenta inataka karibu saa nzima. Alinisimamia mpaka mwisho.

Jumapili ijayo naenda tena, na amesema nije na wawili. Basi linaondoka saa 4:40 asubuhi. Saa 4:30 niwakute kituoni, na msiwe mmekula.