Kwa kijana wa Wete anayetaka kuprinti jezi 150 za Kombe la Dunia: jina hupigwa mteja akishalipa

Mdogo wangu wa Wete, mpigie fundi hivi sasa. Mwambie jezi zako zibaki mgongo mtupu, kisha urudi hapa usome.

Umeandika kwamba umeagiza jezi 150 za Kombe la Dunia 2026 kwa bei ya jumla, na Jumatatu fundi anaziprinti zote majina: Yamal, Mbappé, Hakimi, Messi, Ronaldo. Ukauliza nani atabeba kombe, ukifungua banda la kuonyesha mpira uchukue dekoda gani, na mechi za usiku wa manane zitapata watu au hazipati. Waliokujibu ni wengi, na wote wameshikana mashati juu ya Yamal na Mbappé nani mkali. Suala la kuprinti wamelipita kama hukuliandika. Halafu akatokea mmoja akakwambia "jezi bila jina haiuziki", na hapo ndipo nilipoamka kitandani nikawasha taa. Maneno hayohayo, neno kwa neno, mie nimeyalipia milioni tatu na laki nne.

Ilikuwa Novemba 2022, wiki ya kwanza. Nilivuka kwenda Dar na pesa ya karafuu, fungu langu na fungu la mama yangu, aliyenipa bila hata kuzihesabu. Nilikuwa nimepanga jezi 100, za timu mbalimbali, mgongo mtupu, nirudi zangu Chake Chake, Pemba, nikauze. Pale Kariakoo nikaingia duka la jumla, mwenyewe akanikalisha, akaniagizia soda, akatoa simu akaanza kunisomesha mpira. Senegal bingwa wa Afrika, Februari wamemfunga Misri kwa penalti, ya mwisho kapiga nani? Mané. Machi wakakutana tena na Misri kugombea kwenda Kombe la Dunia la Qatar, penalti tena, ya mwisho kapiga nani? Mané. Oktoba kwenye Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, kawa wa pili nyuma ya Benzema. "Sasa wewe unataka kumuuzia mtu jezi ya Senegal isiyo na Mané, kwani kijani ataivalia nini?"

Hoja zake zote zilikuwa za kweli, na hapo ndipo palipo na hatari, mdogo wangu. Hakunidanganya juu ya mpira hata kidogo. Alinidanganya juu ya biashara, kwa sababu mashine ya kuprinti ilikuwa yake, na kila jina alikuwa akichukua elfu tatu. Jezi 14,000, jina 3,000. Nikatoka mle na jezi 200 badala ya 100: Mané 80, Neymar 60, Ronaldo 30, Messi 30. Nilipomtajia Morocco alinicheka. Akasema kocha wao Regragui ana miezi miwili tu kazini, na wako kundi moja na Ubelgiji na Croatia, hawatoki. Nikaziacha.

Tarehe 8 Novemba mzigo ulikuwa bado bandari ya Malindi, Unguja, unasubiri boti ya Pemba. Usiku ule nimekaa mahali natazama Bayern, klabu ya Mané wakati ule, na Werder Bremen, mechi haijafika hata nusu saa, Mané akakaa chini akishika mguu. Akatoka. Bayern walishinda 6-1 na mie sikuona hata bao moja katika yaliyobaki, nilikuwa natazama simu. Nikampigia yule bwana. "Tulia, hilo si jambo." Tarehe 11 kocha wa Senegal, Aliou Cissé, akataja kikosi, Mané yumo, nikatumiwa ujumbe wa sauti: "Si nilikwambia?" Mzigo ukavuka, nikaupokea bandari ya Mkoani, nikautandaza. Tarehe 17 ikatangazwa kwamba Mané atafanyiwa upasuaji na haendi tena Qatar. Kombe lenyewe linaanza tarehe 20. Nikampigia tena yule bwana. Simu iliita mpaka ikakatika, na tangu siku ile sijawahi kuisikia sauti yake.

Watu hudhani jina likiharibika linabanduliwa tu. Halibanduki salama! Gundi yake imeyeyushwa kwa moto ikaingia kwenye uzi. Nilijaribu pasi na karatasi, nikajaribu petroli, nikajaribu kulikwangua kwa wembe usiku na mke wangu kanishikia tochi. Jezi sita zilitoboka. Nyingine jina lilitoka likaacha kivuli chake, gundi ya kijivu yenye herufi nne unazisoma kutoka ng'ambo ya barabara. Jezi kama hiyo hata bure mtu anaifikiria mara mbili.

Na kinachouma zaidi ni kwamba Senegal walicheza vizuri bila yeye. Walifungwa na Uholanzi, wakamfunga Qatar 3-1, na tarehe 29 Koulibaly akaifunga Ecuador bao la kuvuka kundi. Asubuhi yake wamekuja vijana watano hapa kwangu Machomane wanataka jezi ya Senegal. Pesa wanayo mkononi. Wanaitaka ya Koulibaly, au isiyo na jina kabisa. Mie nina 80 za Senegal na sina hata moja ya kuwapa. Kama zingekuwa mgongo mtupu zingemalizika siku ile.

Neymar naye, mechi ya kwanza tu na Serbia kifundo cha mguu kikavimba, akakosa mechi mbili. Akarudi na Korea, watu wakaanza kuuliza bei. Tarehe 9 Desemba akafunga bao zuri mno dhidi ya Croatia kwenye muda wa nyongeza, bao lililomfikisha mabao 77 ya Pelé kwa hesabu ya FIFA. Nilisimama nikashangilia kama Mbrazili. Dakika ya 117 Petković akasawazisha, wakaenda penalti, Brazil nje. Ronaldo yeye alikuwa ameshawekwa benchi tangu mechi na Uswisi tarehe 6, badala yake kaingia Gonçalo Ramos, akapiga mabao matatu. Asubuhi ile hapa Chake hakuna aliyekuwa akimjua Ramos. Usiku nikaulizwa jezi yake.

Jioni ya tarehe 6 hiyohiyo ndiyo Morocco waliyoitoa Uhispania kwa penalti. Nyote mnaikumbuka. Mji mzima ulitoka nje, pikipiki zinapiga honi kutoka Machomane mpaka sokoni, na hakukuwa na jezi ya Morocco hata moja Chake nzima. Watu wakavaa jezi nyekundu za Simba wakakata mambo. Hata Yanga niliwaona, na Yanga wa Pemba kuvaa nyekundu ya Simba si jambo dogo. Siku nne baadaye En-Nesyri wa Morocco akaruka juu ya kipa wa Ureno akafunga kwa kichwa, ikawa hivyohivyo, na mie dukani ni kijani ya Mané na njano ya Neymar ukutani. Za Messi peke yake ndizo zilizotoka zote 30, na hizo nazo, baada ya Saudi Arabia kumfunga Argentina mechi ya kwanza, zilikaa wiki nzima hakuna aliyezigusa.

Najua wapo humu watakaocheka, hasa nyinyi mlionunua Mané kwangu kwa elfu tatu mkaenda kuchumia karafuu. Chekeni, lakini jezi mlipata, na pesa ya mama ilichukua misimu miwili kurudi.

Sasa shika hili. Jina hupigwa mteja akiwa amesimama mbele yako na pesa ameshatoa. Kabla ya hapo mgongo ni mtupu. Sisemi usiprinti, maana jina lina faida kuliko jezi yenyewe. Nasema anayebeba hatari ya goti la mtu aliye Munich au Barcelona asiwe wewe uliye Wete.

Mie nilinunua mashine ndogo ya kuprintia 2024, ya mkono, na karatasi za herufi. Januari 2025, Kombe la Mapinduzi lilipoletwa uwanja wa Gombani hapa Chake, nilikwenda nayo. Siku ya fainali, Zanzibar Heroes na Burkina Faso, nilikuwa na jezi 60 za Heroes, zote mgongo mtupu, na meza nje ya uwanja. Nilidhani wataniambia wachezaji. Wachache tu walitaka wachezaji. Baba mmoja aliandikisha jina la mwanawe wa miaka minne. Vijana wa skuli walitaka majina yao wenyewe na namba za darasa lao. Mzee mmoja alitaka pawe na jina la kijiji chake, akasimama juu yangu kuhakikisha sikosei herufi. Zaidi ya nusu hawakutaka kitu, walilipa wakavaa wakaingia. Heroes wakashinda 2-1, kombe likabaki nyumbani, na nilikunja meza nikiwa na jezi mbili tu, saizi ya watoto. Huyo anayekwambia bila jina haiuziki hajawahi kusimama kwenye meza. Amewahi kusimama kwenye mashine.

Na Agosti 2025 kwenye CHAN, kombe la Afrika la wanaocheza ligi za nyumbani, pale uwanja wa Amaan, Sudan walipompiga Nigeria 4-0, niulize nani angekaa mwezi mmoja kabla akaprinti jina la Msudani. Hakuna. Lakini usiku ule ukiwa na jezi ya Sudan mgongo mtupu, unauza.

Haya, tuje kwenye majina yako. Hakimi namtetea mbele ya yeyote, beki wa kulia kama yeye sijamuona miaka hii. Lakini Novemba 2025 Luis Díaz wa Bayern alimfyeka akatoka analia, na Morocco nzima ikakaa inahesabu siku kama atawahi AFCON ya nyumbani kwao. Aliwahi. Mané hakuwahi. Wewe utajuaje mapema ni yupi? Yamal ana miaka 18 na msimu huu ameshasumbuliwa na nyonga mpaka akakosa mechi za Uhispania. Messi anatimiza 39 tarehe 24 Juni, katikati ya mashindano. Ronaldo ana 41, na nimeshakueleza kilichompata alipokuwa na 37. Wote nawapenda, na Messi nitakesha kumtazama hata kama ni mechi ya saa kumi alfajiri. Ila kumpenda mchezaji na kumbeba mgongoni mwa jezi 150 ambazo hazijalipiwa ni mambo mawili mbalimbali.

Angalia na timu zenyewe. Safari hii ni timu 48, siyo 32. Senegal wamepangwa na Ufaransa, wanakutana tarehe 16 Juni. Morocco wamepangwa na Brazil. Na Cape Verde, bwana wee, Cape Verde! Visiwa vyenye watu nusu milioni na kidogo, sisi Zanzibar tuko karibu milioni mbili kwa sensa ya 2022, nao Oktoba 2025 wamemwacha Cameroon nyuma wakaenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Wako kundi moja na Uhispania. Hivi wewe mtu wa kisiwani unachukua jezi 150 na hakuna hata moja ya buluu ya wale watu? Wakipata sare tu na Uhispania, Wete yote itataka buluu ile asubuhi yake, na hakuna atakayejua jina la mchezaji wao hata mmoja. Watataka jezi.

Kwa hiyo kama fundi hajaanza, mwombe akurudishie pesa ya majina, hata akikata kidogo kwa usumbufu. Kwa pesa hiyo ongeza Morocco, Senegal, na Cape Verde kumi au kumi na tano za kuanzia. Kama ameshaanza, mzuie palepale alipofikia, hizo zilizokwisha kuprintiwa ziuze mapema, kabla kombe halijaanza tarehe 11 Juni, wakati kila mchezaji bado ni mzima na kila mtu bado ana matumaini. Usizihifadhi kungoja bei ipande.

Mashine yangu iko Machomane. Nitakuprintia kwa bei ya karatasi tu, siku yoyote, mradi mteja wako awe ameshalipa na jina umelipata kwa maandishi. Jezi za Mané zimebaki 11, sitaki kuziuza tena. Ukija nitakutolea moja uishike mgongoni kwa kidole, uione gundi ilivyo.

Fundi amekujibu nini? Andika hapahapa, nipo macho.