Kocha, wiki tatu tu nimeacha kuogelea, pumzi imeenda wapi?

Shikamoo kocha. Mimi ni dada wa miaka 34, nipo Soweto hapahapa Mbeya, naogelea kwenye bwawa la hoteli moja mjini, la mita 25. Kabla sijasafiri nilikuwa naenda mara nne kwa wiki, napiga lapu 40 bila kusimama na natoka najisikia safi kabisa. Mwezi wa tano kazini wakanituma Dar semina ya wiki tatu, na bahari ile pale lakini sikugusa maji hata siku moja, ilikuwa semina, foleni, chipsi, kulala. Jumamosi nimeingia bwawani nikasema napiga zangu 40 kama kawaida, lapu ya sita nimeshika ukingo pumzi hamna, moyo unagonga mpaka nausikia masikioni. Ndo nimerudi sifuri? Nianze na wanaojifunza?

Marahaba mdogo wangu, na pole na foleni. Sifuri hujarudi, ila Jumamosi ulijitakia mwenyewe. Nakucheka kwa sababu na mimi yalinikuta, nilikaa wiki mbili Tukuyu kwenye msiba, kurudi nikataka kuwaonyesha vijana ninaowafundisha kwamba mzee bado yupo, lapu ya nane nikawa naning'inia ukingoni kama nguo iliyoanikwa, na kuna babu mmoja anaogelea chali taratibu zake, akanipita mara tatu na kila akipita ananiuliza habari za saa hizi.

Iko hivi. Ukiacha mazoezi kitu cha kwanza kupungua ni yale maji ya kwenye damu, plazima, yanaanza kushuka ndani ya siku chache tu. Ujazo wa damu ukipungua kila pigo la moyo linasukuma damu kidogo, kwa hiyo moyo unalazimika kupiga harakaharaka kwa kazi ileile, ndo huko kugonga ulikokusikia. Uzuri wake inarudi haraka pia, wiki moja au mbili za mazoezi ya wastani unaona tofauti. Misuli yenyewe kwa wiki tatu haijaenda popote, usidanganywe na mtu wa gym.

Halafu kuna Mbeya. Umetoka usawa wa bahari umepanda mpaka kama mita 1,700, hewa huku ni nyepesi, kila pumzi inabeba oksijeni kidogo kuliko ya Dar, na mwili ukikaa chini wiki kadhaa unalegeza mazoea yake ya huku juu. Mtu akishuka kwenye basi pale Nane Nane akapanda kilima na begi anahema, sasa wewe umeenda kuhema kwenye mchezo ambao pumzi yenyewe unaipata kwa zamu. Na huu ni mwezi wa sita, maji ya bwawa lisilo na hita ni baridi ya kukata, baridi peke yake inakufanya uheme juujuu. Kwa hiyo nenda saa nane mchana, achana na habari za alfajiri kwa sasa, ruka kamba dakika tano nje, zungusha mabega, ingia polepole na utoe pumzi yote ndani ya maji kabla ya kugeuza kichwa. Wengi wanaosema pumzi imekata wameijaza tu, hawaitoi.

Kinachoniuma zaidi ni mkono, kwa sababu mkono unasahau maji na hakuna anayekwambia. Kesho ogelea lapu moja polepole, kila kiganja kikiingia majini hesabu moja. Mtu aliyezoea kufika na mikono 20 akirudi mapumzikoni anakuta 24 au 25, na anadhani tatizo ni mapafu wakati kiwiko kimeshuka, kiganja kinapenya maji kama kisu badala ya kuyashika. Dawa yake haina gharama, piga lapu mbili umekunja ngumi, utahangaika kweli na utaona kama huendi, afu ya tatu fungua viganja. Utashangaa, mkono unakuwa kama kasia. Fanya hivyo kila ukiingia bwawani wiki hizi mbili, na hesabu yako iandike kwenye simu.

Kuhusu umbali, wiki ya kwanza nusu ya ulichozoea inatosha, lapu 20 na uzikate. Nne za kupasha mwili, nane moja moja ukipumzika ukingoni mpaka uweze kusema sentensi nzima bila kuhema, nne umeshika kibao cha kuelea ukipiga miguu tu, nne za mgongo taratibu. Wiki ya pili nenda 28 ukiunganisha mbilimbili, ya tatu unganisha nnenne ufike 34 hivi, halafu ndo ujaribu 40 zako. Siku nne fupi ni bora kuliko Jumamosi moja ya kujiua. Vile vibao vya kuvaa viganjani vya kuvutia maji viache kabatini kwanza, bega lililopumzika halivipendi, na bega likichomoza maumivu sehemu moja ukiinua mkono, toka majini siku hiyo. Na ukiona kizunguzungu au kifua kinabana, hiyo si habari ya kocha tena, nenda hospitali.

Kocha, mimi ni kijana wa Kyela, huwa naogelea ziwani Matema. Nimeumwa malaria, dawa za siku tatu nimemaliza juzi. Naweza kuingia wikiendi hii? Ndaga fijo.

Hapana, wikiendi hii kaa ufukweni ule samaki. Kumaliza dozi ni jambo moja na damu kurudi ni jambo lingine, malaria inaharibu chembe nyekundu zenyewe zinazobeba oksijeni, ndo maana unaweza ukawa huna homa lakini kilima kidogo tu miguu inatetemeka. Jipe walau wiki ya kutembea, ukiona moyo bado unaenda mbio kwa kutembea tu kapime wingi wa damu, na homa ikirudi kapime malaria tena, usibahatishe. Ukirudi majini ogelea sambamba na ufuko, maji ya kifuani, na mtu akiwa anakuangalia. Miezi hii upepo wa kusi unasukuma mawimbi urefu wote wa Ziwa Nyasa mpaka huko kwenu, na kwenye midomo ya mito usisogee kabisa, sababu yake unaijua kuliko mimi.

Habari kocha. Nipo Makambako, bwawa hamna, naenda Iringa kila baada ya wiki mbili kuogelea. Katikati hapo nifanye nini nisipoteze?

Pumzi utailinda kwa vilima, na huko kwenu vimejaa, panda kwa kasi dakika tatu, shuka taratibu, rudia mara sita, siku tatu kwa wiki. Kwa mikono kanunue tyubu kuukuu ya baiskeli kwa fundi, ikate iwe kamba ndefu, ifunge katikati kwenye nondo ya dirisha usawa wa kiuno, shika ncha mbili, inama mbele mgongo ukiwa sawa na uvute kama unaogelea, kiwiko juu, mpaka mkono upite pajani. Mara 20, pumzika, rudia tano. Kagua tyubu kila siku kabla ya kuvuta, ya kwangu ilikatikia kwenye kiraka na ilinipata usoni.