Usiilaumu spika kabla hujaiona: ushauri kwa anayetaka kufungua hedifoni

"Fundi, upande mmoja umekufa, niwekee spika mpya." Hapa Mwanza sentensi hiyo naisikia karibu kila wiki, na mara nyingi spika haina kosa lolote. Kilichokatika ni waya, ama pale unapoingia kwenye pini, ama pale unapopinda kuingia kwenye sikio. Ndiyo maana nawashauri wadau wajifunze kufungua wenyewe, maana spika ya hedifoni ina vitu vichache mno vya kuharibika. Kuna sumaku, kuna koili ya waya mwembamba sana, na kuna kiwambo cha plastiki kilichogandishwa na hiyo koili. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, koili inavutwa na kusukumwa na sumaku, kiwambo kinatikisika, na hewa inabeba sauti.

Usianzie kwenye hedifoni unayoipenda. Zungukia mafundi simu mjini, wengi wana boksi la mabovu chini ya meza, na kwa bei ya soda utapata ya kufanyia mazoezi. Kama ni ya bluetooth, chomoa betri kwanza kabla ya kugusa kingine chochote, na usiichokoe na chuma.

Sponji nyingi zimechomekwa tu kwenye mfereji, kwa hiyo shika ukingo uvute taratibu kwa kuzungusha. Ikigoma, kuna gundi. Ipashe kidogo kwa drai ya saluni. Chini yake utakuta skrubu tatu au nne, na hapo ndipo umakini unapohitajika. Sumaku ya spika hizi ni ndogo lakini ina nguvu, na bisibisi ikiikaribia inavutwa ghafla. Ncha yake ikitua kwenye kiwambo, kwaheri. Mimi hukata kipande cha boksi gumu nikafunika uso wa spika kabla sijagusa skrubu hata moja. Na usifanyie kazi hiyo kwenye meza ya mtu anayekata vyuma, kwa sababu unga wa chuma ukiingia kwenye ule mwanya wa koili, kuutoa ni kazi ya kuchosha na mlio wa kukwaruza hauishi.

Mlio huo, lakini, mara nyingi una sababu ya kuchekesha. Unywele mmoja tu ukipenya kwenye wavu na kugusa kiwambo, besi ikipiga unasikia "zzz" utadhani spika imechanika. Mteja mmoja anayeshinda Mwaloni, Kirumba, kwenye biashara ya dagaa, aliniletea ya kwake inakoroma pande zote mbili. Nilipotoa sponji nikakuta magamba yanang'aa yamejaa kwenye wavu, na mengine yamelala juu ya kiwambo chenyewe. Niliyatoa kwa ncha ya brashi laini ya rangi, moja moja, bila kupuliza. Ukipuliza kwa nguvu unakibonyeza kiwambo, na mate yako nayo yanaingia.

Kupima ni rahisi. Chukua ile mita ndogo ya njano ya kupimia umeme (multimita), iweke kwenye omu 200, yaani kipimo cha ukinzani wa waya, gusa nukta mbili za nyuma ya spika. Spika iliyoandikwa omu 32 itasoma karibu na hapo, kwa kawaida pungufu kidogo, na utasikia "tik" hafifu ukigusa. Kushoto na kulia zikaribiane. Ikionyesha 1 peke yake, koili imekatika na hapo ndipo utafute nyingine.

Sasa nyuma ya spika utaona kikaratasi au kitambaa kimebandikwa juu ya matundu. Usikibandue! Kinapunguza kasi ya hewa kutoka na kuingia, na ukikitoa besi inabadilika kabisa. Ndiyo maana siwasikilizi sana wauzaji wanaojisifu kwamba spika yao ina upana wa milimita 50. Hiyo ya milimita 40 iliyofungwa vizuri, yenye sponji inayoziba sikio bila kuacha mwanya, inaweza kuiaibisha.

Ukiunganisha waya upya, kumbuka nyuzi za ndani zimepakwa vanishi yenye rangi, na risasi ya kulehemu haishiki mpaka uunguze vanishi hiyo kwa ncha ya moto ya pasi ya kulehemu. Nyekundu kwa kawaida ni kulia, kijani au bluu ni kushoto, ya shaba ni ya pamoja kwa pande zote mbili. Usikawie kwenye nukta ya spika, plastiki inayeyuka na koili inang'oka.

Kabla ya kupaka gundi, jaribu kwa wimbo wenye besi nzito. Ikiwa besi imepotea na sauti ya mwimbaji haikai katikati bali inaelea pembeni, spika moja umeiunganisha kinyume. Badilisha nyaya mbili za upande mmoja tu, usiguse wa pili.