Chai Nyekundu ya Rooibos: Maswali Yenu

Tangu nigusie rooibos, ile chai nyekundu inayouzwa supamaketi za Masaki, simu haitulii. Nachukua maswali manne.

Si majani ya Mufindi haya haya, yametiwa rangi? (Tabata)

Hata shangazi yangu alichungulia kikombe akasema, "Si chai ya rangi tu hii?" Hapana, shangazi. Ni kichaka cha jamii ya kunde, majani membamba kama sindano. Kwa Kiafrikana, lugha mojawapo ya Afrika Kusini, jina maana yake ni kichaka chekundu, ingawa shambani ni kijani. Majani hukatwakatwa, hupondwa na kulundikwa yakiwa na unyevu. Hapo ndipo yanapogeuka rangi, kisha yanaanikwa juani. Haina kafeini.

Nani aliyeanza kuinywa? (Mbagala)

Wakhoi na Wasan wa milima ya Cederberg, kaskazini mwa Cape Town. Mwaka 1904 mfanyabiashara Benjamin Ginsberg akaanza kuinunua kwa watu wa milimani na kuiuza. Shida ikawa mbegu: ni ndogo mno, zikikomaa zinaruka zikapotelea mchangani. Miaka ya 1930 Dk. Pieter le Fras Nortier wa Clanwilliam akapata namna ya kuziotesha. Inasimuliwa kwamba aliyempelekea mbegu nyingi kuliko wote ni mama mmoja wa Kikhoi, aliyewafuata sisimizi akakuta wamezirundika shimoni kwao. Jina la daktari tunalo. La mama yule, sijaliona kwenye boksi lolote.

Mwaka 2019 ndipo wenye biashara ya rooibos walipokubali kuwalipa Wakhoi na Wasan asilimia 1.5 ya bei ya majani yanapotoka shambani. Ni kidogo, na kimechelewa, ila nani wetu amewahi kumlipa bibi aliyemfundisha dawa?

Naweza kuipanda Kibaha? (Kimara)

Usijisumbue. Inataka mchanga wenye tindikali, mvua za msimu wa baridi na kiangazi kikavu. Tena tangu 2021 Umoja wa Ulaya unalilinda jina hilo: rooibos ni ya kule Afrika Kusini tu. Omba kwa jirani shina la mchaichai lenye mizizi, lichomeke karibu na bomba. Nao hauna kafeini.

Inakubali maziwa? (Ilala)

Inakubali, na iliki pia. Ichemshe hata dakika kumi, haiwi chungu. Mimi natia tangawizi.