Dudh puli: usilaumu maziwa, angalia unga

Ukipika dudh puli ukafunua sufuria ukakuta uji umechanganyika na nazi, maziwa hayana kosa. Nyingi zinaharibikia kwenye unga, kabla hata maziwa hayajabandikwa, na hapo ndo resipi nyingi zinapita haraka haraka zikimbilie mapambo ya juu.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, hivi ni vidonge vya unga wa mchele vilivyojazwa nazi iliyopikwa na sukari guru, halafu vinachemshwa kwenye maziwa mpaka maziwa yenyewe yanakuwa mazito. Iko kwenye ukoo wa pithe, vitamu vya unga wa mchele vinavyopikwa Bengal yote, upande wa India na upande wa Bangladesh, Wahindu kwa Waislamu, msimu wa baridi. Kwa Wahindu kilele ni Poush Sankranti, tarehe 14 au 15 Januari, mpunga mpya umeshavunwa na sukari guru mpya iko sokoni. Mi niliijulia Kolkata nilipokuwa nasoma, kwa mama mwenye nyumba ambaye wapangaji wote tulimwita Mashima, ndo kama kusema mama mdogo, na yeye bana alikuwa hapimi kitu, ukimuuliza maji kiasi gani anakujibu "kadiri unga utakavyotaka". Kwa hiyo vipimo vya hapa ni vyangu mwenyewe.

Tuanze na mchele. Wabengali kwenye pithe wanatumia mchele ambao mpunga wake haukuchemshwa kabla ya kukobolewa, na wetu mwingi wa sokoni uko hivo hivo, kwa hiyo hapo hatuna shida, ukipata wa Kyela wenye harufu ndo raha zaidi. Loweka masaa kadhaa, chuja, tandaza kwenye kitambaa mpaka ukishika mkononi usikie ubichi kidogo lakini maji yasitoke, kisha saga. Vijijini kwao walikuwa wanatwangia dhenki, lile gogo refu linalokanyagwa kwa mguu, sie tuna blenda na chekeche. Unga wa paketi nao unafaa ila chekecha mara mbili, maana chenga ikibaki ndo inayokuja kupasua ukingo baadae.

Sasa kusonga, na hapa ndo nakuomba usiwe na haraka. Unga wa mchele hauna ule mnato wa ngano, hata ukande saa nzima na maji baridi hautashikana, kinachoushikisha ni moto kuivisha wanga wake kidogo. Maji lazima yawe yanatokota kweli kweli, siyo ya moto tu. Kikombe kimoja cha unga mkavu kwa kikombe kimoja cha maji, chumvi kidogo na tone la samli (ukisaga mwenyewe unga ukiwa na unyevu, punguza maji kidogo). Yakitokota mwaga unga wote kwa mpigo, punguza moto, geuza na mwiko mpaka usione unga mkavu, zima, funika kama dakika 5. Halafu kanda ukiwa bado na moto, ndiyo utaungua vidole kidogo, paka samli mkononi ujikaze, ukiacha upoe kabisa umeukosa. Uukande mpaka uwe laini, chukua donge dogo libonyeze, ukingo ukichanika chovya mkono kwenye maji ya moto ukande tena. Usiongeze unga. Watu wakiona unanata wanaongeza unga mkavu na hapo ndo wanauharibu. Ukimaliza ufunike na kitambaa kibichi muda wote unapofinyanga, unakauka upesi mno.

Nazi kuna kwa mbuzi, usikamue tui, machicha hayana ladha yoyote humu ndani. Nusu nazi na gramu 100 za sukari guru, moto mdogo, geuza mpaka ishikane na kuachia sufuria. Iache ipoe. Ikiwa na majimaji itatoa mvuke ndani ya kidonge na kidonge kitapasuka, hilo halina mjadala.

Kufinyanga ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, chukua kidonge, tengeneza kishimo kwa dole gumba, weka nazi kidogo (kidogo!), funga, kisha bana ncha mbili zichongoke. Angalia usiache upenyo hata wa sindano.

Maziwa lita 1 yanatosha kwa unga wa kikombe kimoja. Chemsha na hiliki mpaka yapungue kama robo, usiondoke jikoni, kisha tumbukiza vidonge vichache vichache yakiwa yanachemka polepole. Mwiko weka mbali kabisa dakika za mwanzo, shika masikio ya sufuria uizungushe. Dakika 8 hadi 10 vinakuwa vimeelea na maziwa yamekuwa mazito yenyewe kwa wanga unaotoka, ndo maana mi maziwa ya kopo yale matamu siyaoni kazi yake hapa, yanafunika kila ladha unabaki na utamu tu.

Sukari guru ya kwenye maziwa inakuja mwisho, moto umezimwa, na usiitie hapo hapo, subiri mvuke upungue. Ina asidi kidogo, ikikutana na maziwa yanayochemka yanakatika. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sana hili, ndo ile ile adabu ya tui zito. Iyeyushe pembeni kwanza, ichuje maana haikosi mchanga na vijiti, kisha mimina taratibu. Gramu 100 nyingine zinatosha, onja.

Na hiyo sukari guru yenyewe ndo roho ya hichi chakula. Ya kwao inaitwa nolen gur, inatoka kwenye mtende wa porini, wagema wanaukwangua shina jioni, wanatundika chungu usiku wa baridi, alfajiri wanashusha kabla utomvu haujachachuka, halafu unachemshwa kwenye karai pana mpaka unakuwa mzito. Wilaya ya Nadia, upande wa India, wanasifika sana kwa hii. Ina harufu fulani ya moshi ambayo ya miwa haina. Ukiwa na mtu anatoka Kolkata au Dhaka kati ya Desemba na Februari mwagize, ila mwambie asichukue donge gumu kama jiwe linalometameta, hilo mara nyingi limeongezewa sukari nyeupe, zuri linavunjika kwa vidole. Usipopata tumia tu ya miwa iliyokolea rangi, itakuwa dudh puli nzuri ila ya aina nyingine, nakuambia mapema usije kunilaumu.

Kuna wanaotia tui badala ya sehemu ya maziwa, na najua nusu yenu mshafikiria hilo. Sawa, ila isizidi theluthi, na litie mwisho pamoja na sukari.

Usiile ya moto siku hiyo hiyo kama unaweza kujizuia. Wabengali wengi wanaisifia iliyolala, kwao baridi ya usiku inafanya kazi hiyo, huku kwetu ni friji. Asubuhi maziwa yameingia ndani ya unga, ukiona yamekuwa mazito mno ongeza maziwa kidogo yaliyochemshwa yakapoa.

Unga ukibaki usitupe. Vingirisha vipande vidogo sana kwenye kiganja viwe vyembamba, ncha zote mbili zimechongoka, navyo vinapikwa kwenye maziwa vivyo hivyo bila kujazwa kitu, hiyo inaitwa chushi pithe. Vikianikwa juani vikakauka vizuri vinakaa kwenye chupa mpaka siku utakayopata wageni, ila kuvivingirisha ni kazi ya kuchosha, mtafute wa kupiga naye stori.