Mwenyeji Wangu Ufaransa Hanikaribishi Chakula Mara ya Pili: Je, Hanitaki?

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni binti wa miaka 20, na leo ni siku ya tisa tangu nilipofika Tours, Ufaransa, kusoma lugha kwa mwaka mmoja kabla ya kuanza shahada. Ninaishi na familia ya wenyeji: mama, baba na kijana wao anayesoma sekondari. Si wakali, lakini naona kama nimewaelemea. Mezani mama akinisogezea bakuli la chakula mimi hujibu "merci", naye hulipeleka kwa mwingine bila kunikaribisha tena, hivyo nalala na njaa. Nikimaliza kilichomo sahanini hukimbilia chumbani ili nisiwasumbue. Tena mama huyo, ambaye ni wa umri wa mzazi wangu, ameniomba nimwite kwa jina lake na kumwambia "tu", yaani "wewe" ya Kifaransa ya watu waliozoeana, jambo ambalo mdomo wangu unakataa. Je, niliombe shirika lililonipangia makazi linihamishie familia nyingine? — Mwanafunzi, Tours

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nitaanza na njaa, kwa kuwa ndiyo inayokuumiza kila usiku na dawa yake iko karibu kuliko unavyodhani. Ni kweli kwamba "merci" maana yake ni asante, lakini Mfaransa akikupa kitu nawe ukamjibu "merci" peke yake, mara nyingi huelewa kwamba umekataa, hasa neno hilo likiambatana na kutikisa kichwa au kuinua kiganja. Anayetaka kupokea husema "oui, merci", yaani ndiyo, asante, au "oui, s'il vous plaît", yaani ndiyo, tafadhali, au "avec plaisir", yaani kwa furaha. Kwa hiyo mama huyo hakukunyima chakula, bali ameliheshimu jibu lako kwa siku tisa, na huenda naye amekuwa akijiuliza mapishi yake yana kasoro gani. Wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba mgeni hukataa kwanza na mwenyeji humbembeleza mpaka ale, ilhali katika nyumba nyingi za Kifaransa kumrudia mtu aliyekwisha kukataa huonekana kama kumlazimisha. Jioni ya leo mweleze wazi kwamba ulikuwa ukitaka chakula na neno ndilo lililokuponza. Mweleze hata kama Kifaransa chako kitakwaruza, maana kosa hili atalielewa mara moja.

Kukimbilia chumbani ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Mlo wa jioni, ambao katika familia nyingi huanza kati ya saa moja na nusu na saa mbili usiku, huja kwa hatua: kianzio, chakula kikuu, pengine saladi ya majani, kisha jibini, na mwisho kitindamlo. Siku za kazi hatua hizo hupunguzwa, lakini kukaa pamoja hakupunguzwi kirahisi. Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza mlo wa sherehe wa Wafaransa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na kilichotambuliwa hapo si mapishi peke yake, bali pia desturi ya watu kukusanyika mezani na kufurahia kuwa pamoja. Unapoinuka kabla ya wenzako, wewe unadhani umewapunguzia mzigo, kumbe wao wanaweza kuona kwamba umeyakataa mazungumzo yao. Baki mpaka wanapoinuka, hata kama unaambulia neno moja katika kumi, kisha uliza "Je peux débarrasser?", yaani naweza kuondoa vyombo? Hapo mezani ndipo utakapojifunza Kifaransa ambacho darasa haliwezi kukupa, na hicho ndicho kilichokupeleka Tours.

Kuhusu "tu", ninakuelewa kabisa. "Vous" hutumika kwa watu wengi, na pia kwa mtu mmoja unayemheshimu au usiyemzoea, na kwa desturi mkubwa ndiye anayependekeza kuiacha. Mama huyo amekwisha kupendekeza, na kwa kufanya hivyo amekuhesabu kuwa mtu wa nyumbani, si mpangaji. Mdomo ukiendelea kukataa, mwambie kwamba ulikolelewa mkubwa haitwi kwa jina lake, na umwombe wiki chache za kuzoea. Ila ruhusa hiyo ni yake peke yake: walimu wako, muuza mikate na jirani wa ngazini waendelee kuambiwa "vous" mpaka watakapokueleza vinginevyo.

Heshima unayotamani kuionyesha ina mahali pake pengine. Asubuhi usiombe kitu chochote kabla ya kusema "bonjour", na uingiapo dukani anza na neno hilo hilo, kwa sababu kuomba mkate bila salamu huonekana ni utovu wa adabu. "Bonsoir" ni ya kuingilia nyumbani jioni, na "bonne nuit" iwekee wakati wa kwenda kulala.

Milango ya vyumba iliyofungwa isikutishe, kwani kinachotakiwa ni kubisha hodi tu. Na kwa kuwa choo mara nyingi kina chumba chake mbali na bafu, ulizia "les toilettes" ili usielekezwe bafuni.

Jambo moja la karatasi lisikupite: kama viza yako ni ile ya muda mrefu inayosimama badala ya kibali cha kuishi, unapaswa kuithibitisha kwa njia ya mtandao ndani ya miezi 3 tangu ulipoingia Ufaransa. Waombe pia wenyeji wako barua inayoitwa "attestation d'hébergement", inayoonyesha kwamba unaishi kwao, maana benki na ofisi huihitaji kama uthibitisho wa makazi.

Kuhusu kuhama, sioni sababu bado. Ipe familia hii mwezi mmoja wa kukufahamu ukiwa unakula, unakaa na unauliza. Lakini kama watakunyima chakula kilichomo katika makubaliano uliyolipia, au mtu akiingia chumbani kwako bila idhini, au ukijiona hauko salama kwa namna yoyote, liandikie shirika siku hiyo hiyo bila kungoja mwezi uishe.